Kitambaa Chake, Mshono Wangu

Malton, Kanada, tarehe 7 Machi 1999

Mwanangu Aurore,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika nikisimama sana kazini, lakini goti huwa lina maneno mengi, usilisikilize. Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula, mama" kama ulivyonijibu kwenye simu. Niambie umekula nini. Foto uliyonitumia nimeiangalia sana. Shingo imekuwa ndefu. Nilimwonyesha Mama Darius, akasema ni koti tu limekaa vibaya, lakini Mama Darius ni mtu wa kunifariji, kwa mambo ya shingo siwezi kumwamini.

Nina habari nzuri. Pascal wa kanisani amerudi kutoka Bujumbura, alikwenda kumsalimu mama yake sasa kwa kuwa ndege zimeanza tena kufika. Alituletea mifuko miwili, ile mikubwa ya nailoni ya mirabamiraba, inafanana kama mapacha. Mmoja wangu, umetoka kwa mjomba wako Elysée. Mwingine wa Mama Darius, umetoka kwa dada yake. Alitugawia nje ya kanisa theluji ikitudondokea, yeye mwenyewe anasinzia kwa safari. Sikuufungua mbele yake. Sikulelewa hivyo, kufungua zawadi mbele ya aliyeibeba ni kama unamkagua. Mama Darius naye hakufungua. Tulipokea kwa mikono miwili, tukasema asante, basi.

Nilipofika nyumbani nikafungua. Aurore, kitenge. Tena si kipande, ni kitenge cha kuvisha ukoo. Kijani cha majani mabichi, na juu yake korongo wa njano wenye taji, wamenyoosha shingo kama wewe. Kaka yangu huyu ambaye akituma kitu hutuma soksi. Nimemwandikia, "Mzigo umefika, Mungu akuongezee." Sikutaja kilichomo, kutaja zawadi ni kama kuipima.

Halafu nikawaza, mimi mwanamke mmoja nitavaa korongo wangapi? Na kwaya yetu kila Pasaka inasimama na mashati meupe na sketi nyeusi kama wahudumu wa hoteli. Basi nimeanza kukata. Nikitoka zamu, hata chai sinywi, nakaa kwenye cherehani.

Jumamosi Mama Darius alinialika kwake Brampton. Alipika ndagala, dagaa wa kwetu, kwa nyanya, na ugali wa muhogo. Nikamwambia, leo kwako Ziwa Tanganyika lote linanukia. Nilikula sahani mbili nikalamba na vidole. Anaiwaza harusi ya Darius na Sabine, imepangwa Julai.

Hicho unachosoma nieleze tena. Watu wa kanisani wananiuliza, najibu "sheria za Warumi." Wanauliza, Warumi walimshtaki nani? Naanzisha wimbo.

Mama yako anayekuwaza,
Godelive


Liège, 21 Machi 1999

Mama mpenzi,

Jana wali, maharage na mayai mawili. Juzi viazi. Shingo ni ya baba.

Waambie hivi kanisani. Warumi wa kale walikuwa na kesi za mtu aliyepata kitu cha mwenzake bila sababu. Hakuiba, hakukopa, hakupewa. Pengine kililetwa kwake kwa makosa, akapokea akidhani ni chake. Basi sheria ikajiuliza: kwa kuwa hana kosa, abaki nacho? Warumi wakasema hapana, arudishe. Na baadaye mwanasheria wao mmoja akasema kwamba kwa asili si haki mtu atajirike kwa hasara ya mwenzake.

Mimi nimeng'ang'ania hilo neno "asili." Limetoka wapi? Warumi walikuwa watu wa utaratibu: sema maneno haya, simama hapa, mlete shahidi. Habari za asili hawakuzitafuta. Nadhani walizisikia kwa Wagiriki. Palikuwa na wanafalsafa wa Kigiriki waliofundisha barazani. Kweli mama, hata jina lao, Wastoa, maana yake ni watu wa barazani. Walisema wanadamu ni viungo vya mwili mmoja. Mkono ukinyonya nguvu za mguu ili unenepe wenyewe, mwili wote unaanguka, na mkono nao. Wakubwa wa Roma walikuwa wakiwapeleka vijana wao kusoma kwa watu hawa.

Mwalimu wangu amenirudishia rasimu. Ameandika pembeni: "Umeonyesha kwamba Warumi na Wagiriki wanafanana. Mtoto wa jirani anafanana na mimi, na si wangu." Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikala yale mayai. Mwisho wa Juni nitasimama mbele ya walimu kuitetea kazi yangu, na jibu bado sina.

Nitumie foto ya hayo magauni. Msalimie Mama Darius.

Binti yako,
Aurore


Malton, tarehe 11 Aprili 1999

Mwanangu,

Pasaka imepita salama. Kwaya iliimba vizuri. Sina mengi.

Nina swali, lakini si langu. Ni la mama mmoja hapa kanisani, humjui, ni mgeni. Mama huyo aliletewa mzigo akakuta kitambaa, akadhani ametumiwa na kaka yake. Akashona. Magauni kumi na mawili, yana kola, yana mikono ya kujaa, kazi safi, siwezi kumsema vibaya. Siku ya sikukuu wakaingia wanaimba, na mwenye kitambaa amekaa benchi la tatu.

Huyo mwenye kitambaa alikuwa amepata barua ya dada yake wiki hiyohiyo, imemweleza rangi, imemweleza ndege mpaka taji zao. Alikiagiza kwa ajili ya harusi ya mtoto wake. Sasa fikiria, anakiona kinapita mbele yake na miguu ishirini na minne, kinaimba haleluya. Hakupiga kelele. Alifunga kitabu cha nyimbo akatoka. Mama huyo alimfuata mpaka kituo cha basi. Mwenye kitambaa alimwangalia, akasema neno moja, "Umekikata." Basi likaja, akapanda.

Toka siku hiyo hasalimiwi. Na huyo mwenye kitambaa ndiye aliyempokea siku alipofika Kanada, alivua koti lake mwenyewe palepale uwanja wa ndege akamvika, yeye akatetemeka mpaka nyumbani. Mtu wa namna hiyo akikuacha, nchi hii inakuwa baridi mara mbili. Magauni yuko tayari kuyatoa yote, amempelekea mpaka mlangoni. Lakini mwenzake anataka kitambaa, na kitambaa hakipo tena. Mama huyo chakula hakipiti. Sindano inamchoma kila saa kwa sababu macho yangu hayako kwenye kazi, yaani macho yake.

Warumi wako wanasema gauni ni la nani? Jibu upesi, anasubiri.

Foto sitaweza kutuma, kamera imeharibika.

Mama yako,
Godelive


Brampton, tarehe 14 Aprili 1999

Binti yangu Aurore,

Ni mimi Mama Darius. Usishtuke, hakuna aliyekufa, ingawa mama yako anatembea kama mfiwa. Usimwambie nimekuandikia. Nasikia unasomea sheria ya vitu vya watu. Vizuri, mimi nataka sheria.

Mama yako ameivalisha kwaya harusi ya mwanangu. Soprano ambao hawajawahi kuifikia noti ya juu wamevaa korongo wangu. Mama Yvan, ambaye mwaka jana alisema Darius ni mfupi, amevaa korongo wawili kifuani wanatazamana.

Najua hakukusudia. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mwizi ningemtukana siku moja, nikapoa. Mtu asiye na kosa utamwambia nini? Anakuja na magauni yake kwenye mfuko, anasimama mlangoni na macho ya mbuzi. Siwezi kumtukana, siwezi kumkumbatia. Navuta pazia. Nimemkumbuka, hilo usiliandike popote.

Nikueleze kwa nini kinaniuma. Darius hana shangazi hata mmoja huku. Walio hai wako mbali, na wengine hawapo tena, unajua mambo yetu. Nilisema, nitaagiza kitenge kimoja kizuri, nivishe wanawake, wasimame upande wetu kanisani, ili upande wa Sabine wasione benchi tupu. Wanawake gani, nilikuwa sijajua. Nilisema kitambaa kitangulie, watu watapatikana.

Sasa sheria inasemaje, anirudishie nini?

Na swali lingine dogo la pembeni. Mfuko wangu ulikuwa na ndagala na unga wa muhogo. Barua ya dada haikutaja ndagala. Nilidhani ni nyongeza, na kwamba kitenge kitakuja na mtu mwingine. Zimekwisha. Mama yako mwenyewe alizila na akanisifu. Mtu akila kitu ambacho, tuseme, kilipotea njia, Warumi hulitazama hilo au huliacha? Jibu kwa ufupi. Au usijibu.

Mama yako mdogo,
Générose


Liège, 2 Mei 1999

Mama mpenzi,

Mwambie yule mama mgeni akae kitako, asome polepole.

Warumi waligawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema kitu ni kile kilichotumika kukitengeneza: zabibu zikiwa divai, divai ni ya mwenye zabibu. Hao, inasemekana, waliwasikiliza watu wa barazani. Kambi ya pili ilisema kitu ni umbo lake: kabla ya mkamuaji hapakuwa na divai, basi ni yake. Hao, inasemekana, walimfuata Mgiriki mwingine, ambaye wafuasi wake walijulikana kwa kufundishana huku wakitembea. Nasema "inasemekana" kwa sababu hakuna aliyeacha ushahidi, na mwalimu wangu ananitazama begani.

Mwishowe ikapatikana njia ya katikati. Kikombe cha fedha kinaweza kuyeyushwa kikarudi kuwa fedha, basi ni cha mwenye fedha. Divai hairudi kuwa zabibu, ni ya aliyeikamua. Na gauni ukilifumua hupati jora, unapata vipande. Kwa hiyo magauni ni ya yule mama.

Asifurahi bado. Akibaki nayo hivihivi amepata, na mwenzake amepoteza. Hapo ndipo linaingia lile neno la asili. Yule Mgiriki wa kutembea alisema mwamuzi ni kama mtu aliyepewa mstari uliokatwa vibaya, upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi. Huchukua ile ziada kwenye mrefu, akaiunga kwenye mfupi, hadi vilingane. Haulizi nani mbaya. Anauliza nani kabaki na zaidi.

Lakini huwezi kulinganisha kipande kimoja kikiwa mezani na kingine kimefichwa. Na katika kesi hii, mama, kuna kitu kimeingia tumboni ambacho hakuna aliyekitaja. Nimekichunguza, sasa nakifahamu. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii:


Malton, tarehe 16 Mei 1999

Aurore,

Ukurasa wa pili haukuja. Nimetikisa bahasha, nimeikata pembe zote, nimemuuliza hata mleta barua, akaniambia yeye hafungui. Umechoka kiasi hicho, unasahau nusu ya barua?

Na hicho kilichoingia tumboni ni nini? Tumboni mwa nani? Kama ni wewe, niambie, mimi ni mama yako, sitapiga kelele. Nitapanda ndege. Nimeshauliza zamu zangu nani atazishika. Ni kijana gani, na watu wake ni wa wapi?

Tena yule mama mgeni ni mimi. Nadhani ulijua.

Mama yako


Malton, tarehe 6 Juni 1999

Mwanangu, mtundu mkubwa,

Tuko wawili hapa mezani. Mimi naandika, Mama Darius anasoma begani na kunisukuma kiwiko, kwa hiyo ukiona mstari umepinda si mimi.

Alikuja Jumapili iliyopita baada ya ibada. Wiki zote hizo tulikuwa tunapishana kama watu wa lifti. Akagonga, nikafungua, ameshika karatasi. Hakunisalimu. Akasema, "Binti yako amenitumia mkia. Kichwa kiko wapi?" Nikasema, "Kichwa kiko kabatini kwangu." Akasema, "Kilete."

Tukakaa. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Nilipofika kwenye ile fedha na divai akasema Warumi walikunywa sana. Halafu yeye akasoma wake. Ulivyoandika ninakunakilia hapa, uone kama nimeelewa: "Mifuko ilibadilishana. Kitenge kilikuwa cha Mama Darius, ndagala zilikuwa za mama. Mmoja amekata, mwenzake amekula, na hakuna kinachorudi kilivyokuwa. Aliyekata ashone. Aliyekula apike. Na msome kurasa zote mbili mezani pamoja, maana hukumu haisomwi na upande mmoja."

Nikamuuliza, ndagala? Akatazama dirisha. Nikasema, "Zile nilizolamba vidole?" Akasema, "Wewe ulisifu mkono wangu." Nikasema, "Nilikushukuru. Kwa samaki za kaka yangu." Hapo akaanza kucheka, unajua kicheko chake kinavyoanzia miguuni, na mimi nikaanza, mpaka jirani akagonga ukuta. Tulicheka tukalia, sijui kipi kilitangulia. Ndipo akaniambia habari ya tumboni, kwamba si wewe. Nimemshukuru Mungu. Lakini kama kuna kijana, bado nataka kujua watu wake.

Kisha akafuta macho, akasema, "Mama Aurore, nilitafuta wanawake wa kusimama badala ya mashangazi wa mwanangu. Wewe umemshonea kumi na wawili, na wanajua kuimba."

Nikachukua utepe wa kupimia, nikaanza kumpima.

Basi kwaya ndiyo mashangazi. Wamekubali wote, Mama Yvan amekubali wa kwanza na ameahidi hatataja kimo. Kimebaki kipande cha gauni la mama wa bwana harusi, nalishona mimi, ndiyo hukumu. Shida ni kwamba kipande ni kifupi na mwenyewe si mwembamba. *Mwambie ukweli, nimenona kwa ndagala zake. Générose.* Umeona? Ameninyang'anya kalamu. Nitaunga kitambaa cha njano ubavuni. Hapo nikaelewa ule mstari wako wa Mgiriki, mrefu na mfupi.

Pascal tumemsamehe. Anasema yeye alitoa mfuko uliokuwa karibu na mkono.

Mama yako,
Godelive


Liège, 27 Juni 1999

Mama, na Mama Darius,

Nimepita. Walinihoji asubuhi yote. Mwisho mwalimu akaniuliza lile swali lake la mtoto wa jirani. Nikamjibu, "Sina ushahidi kwamba ni baba na mwana. Ninao ushahidi kwamba waliishi mtaa mmoja, wakala meza moja, na mmoja wao akaanza kusema maneno ya mwenzake." Nikafuta sentensi mbili alizotaka nifute. Akasema, "Sasa nimekuamini, kwa kuwa umedai kidogo." Wakanipa mkono.

Kijana hayupo, mama. Nilikula kuku.

Aurore


Malton, tarehe 8 Agosti 1999

Mwanangu mwenye shahada,

Barua yako nimeisoma kanisani mbele ya wote, Pasta akaniachia kipaza sauti na nadhani amejuta. Sasa wakiniuliza Warumi walimshtaki nani, ninalo jibu refu, wananikimbia.

Harusi ilikuwa nzuri hivi kwamba sijui nianzie wapi. Upande wa Sabine waliingia wengi, wamependeza, wakakaa. Upande wetu mabenchi matupu. Darius amesimama mbele anatazama viatu. Ndipo mlango ukafunguka na mashangazi wakaingia wanaimba, kijani na njano, korongo kwa korongo. Aurore, yule kijana aliinua uso. Hakulia, kwa sababu mama yake alikuwa analia kwa niaba ya ukoo. Mama yake Sabine akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote ni shangazi zake?" Nikasema wote. Akasema, "Ukoo mkubwa." Nikasema, "Na wengine hawakuweza kufika." Sikusema uongo.

Gauni la Mama Darius lilikubali. Ule ubavu wa njano watu walidhani ndiyo mtindo mpya, wawili wameniomba niwashonee hivyo. Alicheza mpaka nikaogopa mshono, lakini mshono wangu ulikaa.

Juzi mke wa Pascal naye amerudi kutoka Bujumbura. Tulikwenda uwanja wa ndege wenyewe, mimi na Mama Darius, hatukungoja kugawiwa. Alikuwa na mifuko miwili ya mirabamiraba. Tukaiweka chini palepale, watu wanapita na vigari vyao, tukafungua yote miwili mbele yake. Pascal alijifanya hatujui. Mama yangu angekuwepo angeniziba macho kwa aibu. Mfuko wangu ndagala, na mjomba wako ameweka soksi juu. Wa Mama Darius majani ya chai na foto za dada yake. Mama Darius akanusa ndagala, akasema, "Hizi ni zako, nimeshuhudia." Nikasema, "Zangu, lakini wewe ndiye mwenye hukumu ya kupika." Jumamosi tunakula, tumewaalika mashangazi wote.

Ndani ya bahasha hii utakuta kilemba, ukivae siku ya kupokea cheti, na usikikunje vibaya. Nimekiunga kwa vipande vilivyobaki, korongo mmoja nimemweka mbele, na shingo yake, sasa nakubali, ni shingo nzuri. Kitambaa ni cha Mama Darius, mshono ni wangu, kichwa ni chako. Waulize Warumi wako ni cha nani.

Mama yako,
Godelive